Chandarua Namba Thelathini na Moja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, pale ulipozoea kuweka kapu la nguo za kupiga pasi, na kabla sijasema lolote nataka kujua hali yako. Mgongo umepata nafuu? Unalala? Mama Mkubwa alimwambia Baba kwenye simu kwamba chakula unaonja tu kisha unasogeza sahani. Baba alibaki ameshika simu mkononi muda mrefu baada ya maongezi kwisha. Tafadhali kula, Mama. Na umfikishie Mama Mkubwa salamu zangu, umwambie sweta alilonifumia limenikaa vizuri, ila mikono ni mirefu kidogo, nadhani ananikumbuka mrefu kuliko nilivyo.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Bibi anakohoa asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Juzi alimwuliza muuza maziwa kama ng'ombe wake siku hizi anakunywa maji au anakamuliwa maji. Baba anaenda karakana kila siku, anachomelea mageti ya watu, na jioni anarudi na macho mekundu. Anasema ni moto wa kuchomelea. Simbishii.

Mimi naendelea vizuri na masomo. Muhula uliopita nilikuwa wa tatu, na mwalimu wetu wa sayansi amesema nikiendelea hivi nitakuwa mtu wa maabara. Mwalimu wa Kiswahili naye anatufundisha kwamba barua nzuri hupangwa, habari moja ikifuata nyingine. Nitajaribu. Lakini kuna habari moja nimeipanga mwisho, na sikuipanga huko kwa ustadi. Niliiogopa.

Nyumba iko kama ulivyoiacha. Zile kamba zako tatu bado zimefungwa uani, ingawa sasa zinaanikiwa nguo zetu tu, mashati mawili ya Baba na sare yangu, na zinaonekana ndefu mno. Wateja wengine bado wanakuja na mafurushi. Bibi anawajibu kwamba dobi amesafiri. Kopo la vibanio liko dirishani. Mama, naomba usihuzunike nikikwambia hivi: mara nyingine nikiwa ndani, mchana kweupe, nasikia vibanio vinagongana ndani ya kopo, vile mdogo wangu alivyokuwa akivikoroga kabla ya kuvihesabu. Moja, mbili, nane. Natoka, nakuta kopo limetulia. Nimeshaliweka mbali na upepo. Bado nasikia.

Jina lake la kweli haliandikiki kwangu, hivyo nitamwita Mkaguzi, kama tulivyomwita wote. Unakumbuka Baba alimpa jina hilo siku alipoanza kutembea huku mikono ameifunga nyuma, akipita kila beseni na kuchungulia? Na ile siku alipomkagua mteja wako mwenye kitambi, akapekua mifuko yote miwili, kisha akamwambia, "Hamna kitu, nenda"? Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Sasa Bibi hasemi habari zake kabisa. Lakini akimaliza kula anaacha kipande cha mkate pembeni ya sahani, kisha anakishangaa, kama hajui nani amekiacha.

Sasa nianze habari yenyewe.

Mwanzoni mwa muhula huu alikuja shuleni mama mmoja mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ni utafiti wa mbu. Wanafunzi hawakuchukua hata siku moja kumbatiza Mama Mbu, naye alipolisikia hilo jina alisema nyumbani kwake wanamwita vibaya zaidi, kwa sababu mbu wake wanakula kwa wakati na mumewe hali. Alitueleza kwamba miaka ya nyuma mbu akitua kwenye chandarua chenye dawa alikuwa anaanguka hapo hapo. Siku hizi, sehemu nyingi, anatua, anatembea, anaondoka. Dawa ni ile ile, mbu ndiye amebadilika. Wale waliokuwa dhaifu walikufa, wachache waliostahimili wakazaa, na watoto wao wakazaliwa na ustahimilivu ule ule. Alitaka kujua mbu wa mtaa wetu wamefikia wapi, na alihitaji wanafunzi sita wenye mikono mitulivu na mwandiko unaosomeka. Mwalimu wa sayansi akanitaja wa kwanza.

Tulipewa stoo ya nyuma ya maktaba. Tulikusanya viluwiluwi kwenye madimbwi ya mashimo ya matofali na kwenye alama za magurudumu ya malori, tukawaweka kwenye trei za maji, tukawalisha unga wa samaki hadi wakawa mbu. Nilijifunza kumtambua mbu wa malaria kwa jinsi anavyotua, mkia juu kama anayetaka kusimama kwa kichwa. Mama Mbu alikuja pia na kisanduku cha mbu wengine, waliofugwa maabara kwa miaka mingi, ambao ukoo wao haujawahi kukutana na dawa. Hao tuliwaita Wateule. Wateule hawana ujanja wowote. Dawa kidogo tu, wamelala chali.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Unakata kipande cha chandarua, unafunikia juu yake kikombe cha plastiki chenye tundu, unaingiza mbu watano kwa mrija, unahesabu dakika tatu. Kisha unawahamishia kwenye kikombe cha karatasi chenye pamba ya maji ya sukari, na kesho yake unahesabu waliokufa. Unarudia mpaka wafike hamsini. Unafanya hivyo kwa mbu wa mtaani, na unafanya kwa Wateule. Mama Mbu alisema kuna sababu ya kutumia wote wawili. Mbu wa mtaani akipona kwenye chandarua kipya, kosa ni la mbu, maana yake ameshaizoea dawa. Lakini Mteule akipona, kosa ni la chandarua, maana yake dawa haimo tena.

Niliposikia hivyo, Mama, niliacha kuandika.

Alituomba kila mmoja alete chandarua kilichotumika nyumbani kwake, pamoja na fomu yenye maswali: kimetumika muda gani, kimefuliwa mara ngapi, kwa sabuni gani, kilianikwa wapi. Chandarua cha Mkaguzi unajua kilipo. Bibi alikikunja siku ile ile aliyotutoka na kukiweka chini kabisa ya kapu la nguo zisizochukuliwa, chini ya lile koti la mteja aliyehama. Nilikitoa Bibi akiwa kanisani au sokoni, sikumbuki vizuri, nakumbuka tu kwamba nyumba ilikuwa kimya. Chumba kile kina giza hata mchana, lakini chandarua kiling'aa. Kilikuwa cheupe kama karatasi ambayo haijaandikwa. Nilipokikunjua kilijaa hewa kidogo, kikapanda na kushuka, kama mtu anayepumua usingizini. Nikakikumbatia upesi kikalala.

Kilipewa namba thelathini na moja, kwa kuwa vingine Mama Mbu alishavikusanya mtaani. Nikajaza fomu yake. Niliandika kwamba kimefuliwa mara tatu, kwa maji baridi na sabuni ya mche, kikaanikwa kivulini. Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo ulivyomjibu mhudumu wa afya wa mtaa, na ndivyo ulivyojibu siku za msiba, Bibi aliposimama mbele ya watu wote na kusema kwamba mkono uliozoea dawa ya madoa ndio uliomwua mjukuu wake. Baba alikuwa ameketi pale. Alitazama viatu vyake.

Sijasahau ulivyosema baadaye, Mama, ulipokuwa unafunga sanduku lako. Ulisema labda Bibi ana haki. Ulisema hukumbuki vizuri ulikisuuza kwenye beseni lipi, la bluu la kusuuzia au la kijani la dawa ya madoa, kwa sababu wiki ile ulikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni na ulichoka mno. Ulisema kile chandarua kilikuwa cheupe mno, haukuwa weupe wa sabuni ya mche, wewe ni dobi na unajua weupe. Uliniuliza mimi, "Beseni lipi, mwanangu? Wewe karani wangu, hukuona?" Nikasema sikuona.

Nirudi kwenye kipimo. Ilipofika zamu ya namba thelathini na moja niliomba niwe mimi wa kuhesabu. Na sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Tulianza na mbu wa mtaani. Nilipokuwa nimeinama juu ya kile kikombe, nilijikuta nawaombea wasife. Mbu wale wale, Mama. Nilitaka wawe mbu sugu kabisa, wawe wa chuma, ili Mama Mbu aseme kwamba hakuna chandarua duniani ambacho kingemsaidia mdogo wangu. Walitua. Walitembea. Mmoja alisimama akasafisha miguu yake ya mbele taratibu, kama mtu anayesubiri gari lake. Kesho yake, kati ya hamsini, walikufa watatu. Nilifurahi. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndilo.

Kisha tukaweka Wateule. Niliwatazama dakika zote tatu bila kupepesa. Hawakuanguka. Kesho yake nilikwenda stoo kabla ya kengele, nikafungua daftari, nikahesabu mara mbili. Wateule hamsini, waliokufa watatu. Kwenye kitambaa cha kawaida kisicho na dawa, ambacho huwekwa kwa ajili ya kulinganisha, walikufa watatu vile vile. Chandarua cha Mkaguzi kilikuwa pazia tu.

Mama Mbu alisoma hesabu zangu, akachukua fomu, akasoma, akarudi kwenye hesabu. Hakujua ni chandarua cha nani, kwake kilikuwa namba tu. Alisema fomu hii na kitambaa hiki havielewani. Mara tatu kwa sabuni ya mche na kivuli, dawa ingebaki nyingi tu, vyandarua hivi vimetengenezwa vivumilie hata mara ishirini. Ama kimechemshwa, ama kimetiwa dawa ya madoa na kuanikwa juani. Kisha akasema, bila ukali, kwamba fomu ikibaki hivyo, watakaoisoma watadhani dawa inatoka kwa kufua kwa kawaida. Watawaambia akina mama wasifue vyandarua kabisa, na uchafu utawafanya watu waviache. Akaweka fomu mezani. "Aliyejaza anaijua nyumba hiyo," alisema. "Airekebishe. Sitamwuliza mtu."

Fomu ilikaa mezani siku nne. Kila nilipoingia stoo niliiona. Wakati huo tulikuwa tunamalizia vipimo vingine, na nakupa majibu yake kwa sababu ni ya kweli na yanakuhusu. Tulichukua chandarua kipya kabisa, cha aina ile ile tuliyogawiwa sisi, kikiwa bado kina harufu ya mfuko. Kati ya mbu wa mtaani hamsini walikufa kumi na tisa tu. Wateule walikufa wote. Maana yake mbu wa kwetu kweli wamekuwa sugu. Kisha tukachukua chandarua cha aina mpya, chenye dawa ile ya zamani pamoja na ya pili inayomvunja mbu ule ustahimilivu wake. Wakafa arobaini na saba. Wote sita tulishangilia, mwalimu wa maktaba akaja kutunyamazisha.

Nilimsubiri Mama Mbu wenzangu walipotoka. Nilimwuliza, kama swali la darasani, kwamba mtoto aliyelala ndani ya kile namba thelathini na moja, kama dawa ingekuwamo, angepona? Alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. Nadhani hapo ndipo alipojua. Alisema chandarua kizima kingeua baadhi ya mbu na kuwafukuza baadhi, na wengine wangepita salama. Alisema, "Mbu aliyemwuma hatumjui, binti. Hatuwezi kumwita aje aseme alikuwa sugu au mnyonge." Akasema tena kwamba hilo haliwezi kupimwa, na kwamba kuna mambo mtu anayabeba bila kupewa namba.

Nilichukua kalamu nikarekebisha fomu mbele yake, kwa mwandiko wangu, nikaandika jina langu chini. Sasa nakuandikia wewe yale yale niliyoandika pale.

Mama, ni mimi.

Ilikuwa siku uliyopeleka mashuka ya nyumba ya wageni, wiki tano kabla hajaumwa. Uliniachia Mkaguzi. Nilikuwa nasoma kwa ajili ya jaribio la jiografia na sikumwangalia. Alitoa mkaa kwenye pasi iliyopoa, akaenda kitandani, akachora chandarua chote alipoweza kufika. Nilipomkuta alikuwa amefunga mikono nyuma, anakagua. Alisema amesaini. Na mhudumu wa afya alikuwa ametuma habari kwamba mchana huo atapita kukagua vyandarua, nyumba kwa nyumba. Nikawaza, nyumba ya dobi ionekane na chandarua cheusi? Watu wangekucheka wewe, na wewe ungeniuliza nilikuwa wapi. Nikachukua beseni la kijani. Nikatia vifuniko viwili vya dawa ya madoa na maji ya moto yaliyobaki kwenye birika. Nilijua ulivyokatazwa, nilikuwapo mhudumu alipokukataza. Nilisema moyoni mara moja tu si kitu. Nilikianika kamba ya juu, penye jua kali, kikakauka haraka, nikakirudisha kabla hujafika.

Mhudumu alikuja ukiwa umesharudi. Alisema ni chandarua safi kuliko vyote alivyoviona mtaa mzima. Nawe ulicheka, ukasema dobi akilala kwenye uchafu nani atampa nguo zake. Ulifurahi sana siku ile. Nilikaa kimya kwa sababu ulifurahi, na baadaye nilikaa kimya kwa sababu ulilia, na sasa miezi saba imepita na sijaona siku iliyofaa.

Siombi uniambie si kitu. Mkaguzi alipoanza degedege ulikuwa umemshika wewe, na mimi ndiye niliyekimbia kuita gari, na njia nzima nilikuwa naona ile kamba ya juu. Mpaka leo sianiki kitu pale.

Jana nilimwambia Bibi. Nilitaka ajue kutoka kwangu. Aliangalia uani, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipakulia, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza. Asubuhi nilimkuta uani amechutama na kitambaa. Lile beseni lako la bluu, ambalo tangu uondoke lilikuwa limefunikwa na kujaa vumbi, alikuwa analisugua ndani na nje. Hakunitazama. Alisema niandike barua, na niandike kwamba yeye hajui kusema alichotaka kusema, kwa hiyo anaosha beseni. Baba nilimwambia jana hiyo hiyo usiku, aliporudi. Aliweka mkono kichwani mwangu, kisha akaingia ndani. Leo hakwenda karakana. Anauliza nauli ya kuja huko na saa za mabasi, na amenituma nikuulize kama ukimwona mlangoni utamfungulia.

Vyandarua vya aina mpya vitagawiwa mtaani kwetu mwezi ujao. Mama Mbu ameniomba niende naye siku za Jumamosi, niwaonyeshe watu jinsi ya kuvitunza. Maji baridi, sabuni ya mche, kivuli. Nimekubali. Nitawaambia pia nini kilitokea kwenye nyumba moja, na wakiniuliza nyumba ya nani nitawajibu.

Uliniuliza swali, Mama, nami nikakudanganya, mimi karani wako niliyeandika orodha za nguo za mtaa mzima bila kukosea shati. Nakujibu sasa. Wewe ulikisuuza kwenye la bluu. Mara zote tatu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa kwenye ngazi, nilikuona.

Wasalimie wote walio karibu nawe. Bibi anakusalimu, Baba anakusalimu. Jirani mwenye cherehani anauliza kila Jumapili. Mimi nakushika miguu na nasubiri neno lako, hata likiwa moja, hata likiwa kali.

Ni mimi binti yako,
Karani